Kuitua glaida ya rimoti mlimani penye nafasi finyu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu ambao tayari wanajua kurusha glaida kwenye mteremko: ndege ndogo isiyo na injini, inayoelea kwa upepo unaopanda mlima. Mnaweza kuzunguka juu ya bonde saa nzima kwa raha. Kisha betri inakaribia kuisha, mnatazama nyuma kutafuta pa kutua, na mikono inaanza kutetemeka. Mifano mingi nimeitoa milima ya Ngong, karibu na Nairobi, kwa sababu ndiko ninakorushia, ila upepo hufuata kanuni zilezile mlima wowote.

Kuruka kwenyewe sioni shida. Kwa nini kutua kunanishinda?

Kwa sababu mlima unakupa hewa nzuri mahali pamoja na nafasi ya kutua mahali pengine. Upepo ukigonga mteremko hauna pa kwenda ila juu, na glaida inaelea ndani ya mkanda huo wa hewa inayopanda, mbele ya ukingo na juu yake. Ukiwa humo ndege haitaki kushuka. Ukitoka kwa nyuma, hatua chache tu, unakuta hewa inayoshuka na kuzunguka. Kwa hiyo unalazimika kuitoa ndege kwenye hewa inayoibeba, uipitishe kwenye hewa inayoiangusha, na uifikishe kwenye kipande cha nyasi, bila injini ya kukuokoa ukikosea.

Halafu kuna woga wa kasi. Nimeona jambo hili mara nyingi mno: ndege inakuja vizuri, ardhi inakaribia, mrushaji anahisi inakwenda mbio sana, anavuta eleveta, kile kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua, ili aipunguze. Pua inapanda, bawa linaacha kubeba, ncha moja inadondoka, na ndege inachimba ardhi kwa bega. Kilichoivunja ni kuishiwa mwendo ikiwa bado mita tatu hewani. Ukichukua jambo moja tu hapa, chukua hili: mwendo utunze mpaka mwisho, kisha uumalize kwa breki za bawa (nitazieleza chini) au kwa mlima wenyewe. Eleveta si breki.

Unatumia maneno "joshi", "demani" na "kisulisuli". Yana maana gani hapa?

Mawili ya kwanza ni ya mabaharia wa Pwani, na sijaona maneno yanayotufaa zaidi. Joshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakoelekea. Ukisimama juu ya Ngong upepo ukiwa wa mashariki, joshi ni upande wa Nairobi na demani ni upande wa Bonde la Ufa.

Kisulisuli kila mtu anakijua, ule upepo wa kuzunguka unaoinua vumbi na mifuko ya plastiki uwanjani. Mlimani kipo kingine kilicholala ubavu nyuma ya ukingo, kinabingirika palepale kama pipa. Juu yake hewa inakwenda na upepo. Chini, karibu na nyasi, inarudi kinyume kuelekea ukingo. Ndiyo maana unaweza kusimama demani ya mlima, uso ukiwa umeelekea joshi, na bado ukahisi upepo ukikupiga kisogoni. Hakina vumbi, kwa hiyo hukioni, na ndicho kinachovunja glaida nyingi.

Nitajuaje kisulisuli kinaanzia wapi?

Tembea. Chukua fimbo ya mita moja na nusu, funga utepe mwepesi kwenye ncha, simama ukingoni kabisa kisha urudi nyuma hatua tano tano ukiutazama. Ukingoni utepe utanyooka na kuinuka. Ukirudi nyuma utalala sawa, halafu utaanza kutapatapa, halafu kuna mahali utaanguka ghafla na kugeukia upande mwingine. Hapo weka jiwe. Kati ya ukingo na lile jiwe ndipo uwanja wako ulipo.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi: kichupa cha mapovu ya sabuni, kile cha kupulizia cha watoto. Asubuhi moja nilipuliza ukingoni upande wa mashariki na mapovu yote yakaruka juu ya kichwa changu, yakapotea. Nikarudi hatua nane, yakaenda mlalo kwa usawa wa kifua, yakifuatana kama shanga kwenye uzi. Nikarudi nyingine saba. Povu la kwanza liliondoka vizuri, likasita, likashuka, likageuka, likarudi taratibu mpaka likapasukia kwenye kiatu changu. Hatua kumi na tano, basi. Kwa miaka miwili nilikuwa nikigeuza ndege zangu hatua arobaini nyuma ya ukingo uleule na kushangaa kwa nini zinaanguka.

Ukubwa wa kisulisuli unategemea umbo la mlima. Mgongo wa mviringo wenye nyasi, kama sehemu nyingi za Ngong, unauacha upepo uambatane na ardhi, na kisulisuli kinaanzia mbali au hakionekani kabisa kukiwa na upepo mdogo. Ukingo uliokatika kama kisu unaurusha upepo juu, na hewa mbovu inaanzia palepale nyuma ya mdomo wa jabali. Upepo ukiongezeka, vipimo vya asubuhi havifai tena. Pima upya.

Nikague nini kabla ya kuirusha?

Chagua pa kutua kwanza. Ukishairusha umekwisha kukubali kwamba itashuka mahali fulani, na afadhali pawe mahali ulipopachagua wewe. Tembea eneo lote kwa miguu, kwa sababu nyasi za Ngong zinaficha mawe ya ukubwa wa kichwa, mashimo ya wanyama na vigingi vya zamani vya ua. Chagua mahali pa akiba pia, ikiwezekana chini kwenye mteremko ambapo unaweza kufika kwa miguu.

Kisha simama pale utakaposimama wakati wa kutua, ujiulize kama utaiona ndege muda wote. Rimoti za leo za 2.4 GHz zinataka njia iliyo wazi kati yako na ndege. Mgongo wa mlima ukiingia katikati, mawimbi yanakatika. Pangia risiva, kile kipokezi cha mawimbi kilicho ndani ya ndege, hali ya dharura ambayo mawimbi yakikatika inashusha breki na kuigeuza ndege kidogo, ili ianguke karibu badala ya kwenda zake bondeni.

"Nafasi finyu" ni finyu kiasi gani?

Kwa glaida ya sponji ngumu ya EPP yenye bawa la mita 1.2 hadi 1.5, kipande cha mita tano kwa kumi kinatosha mtu aliyezoea. Glaida ya faiba na kaboni yenye bawa la mita tatu inataka urefu wa mita 30 au zaidi, isipokuwa unatua kwa kupanda mteremko. Upana hausumbui sana kama mlango wa kuingilia. Uwanja mkubwa uliozungukwa na miti ni mgumu kuliko ukanda mwembamba ulio wazi upande wa joshi.

Kuna njia ngapi za kutua?

Kwa matumizi ya kila siku nahesabu nne. Ya kwanza ndiyo wanayoanza nayo wengi: unapita juu ya ukingo, unakwenda demani, unageuka na kuja ukiukabili upepo. Inafaa mlima wa mviringo, upepo mdogo, na ukiwa na kimo cha kutosha kuvuka hewa inayoshuka. Mahali penye kisulisuli kikali sipendekezi kabisa.

Ya pili ni kutua kwa kupanda mteremko. Ya tatu ni kutua kandokando ya ukingo. Ya nne ni kuning'inia juu ya ukingo na kushuka wima. Hizi tatu ndizo zinazokuokoa penye nafasi finyu, kwa sababu hazikupeleki mbali demani.

Kutua kwa kupanda mteremko kunafanywaje?

Hii ndiyo njia ningependa kila mtu ajifunze kwanza, na ndiyo inayowatisha wengi zaidi, maana unaielekeza ndege kwenye mlima kwa makusudi.

Peleka ndege mbele, mbali na mlima, mahali ambapo hewa haipandi sana. Ishushe mpaka iwe chini ya miguu yako, mita tano mpaka kumi chini ya mahali unapotaka itue. Sasa igeuze ielekee mlima, ikiwa na mwendo mzuri. Ikikaribia nyasi, inyanyue pua taratibu ifuate mteremko, bawa likiwa sambamba na ardhi. Inapanda mlima kama mtu anayekimbia kwenda juu, na kila mita inayopanda inakula mwendo wake. Ukipima sawa, mwendo unaisha ikiwa sentimita chache juu ya nyasi, na inalala karibu na miguu yako.

Hesabu yake inatia moyo. Mwendo wa mita 14 kwa sekunde, ukiacha msuguano, unaweza kugeuzwa kuwa kimo cha karibu mita 10. Mlima unafanya kazi ya breki bure. Hakuna flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshuka, inayoshinda hilo.

Hatari ni mbili. Upepo unakuja kutoka nyuma ya ndege, kwa hiyo kasi juu ya ardhi ni mwendo wa ndege pamoja na wa upepo: ndege ya mita 10 kwa sekunde kwenye upepo wa mita 5 inasogea mita 15 kila sekunde. Macho yanaiona iko mbio, mkono unavuta eleveta, kumbe bawa lina zile mita 10 tu. Usidanganyike na kasi ya ardhi unapogeuka. Ya pili ni kuanza kunyanyua mapema. Ukinyanyua mita 15 kabla ya mlima, mwendo unaisha hewani. Subiri. Itaonekana kama umechelewa; kwa wengi, hapo ndipo penyewe.

Upepo ukizidi mita 8 kwa sekunde au hivi, mimi siji moja kwa moja. Nakuja nikiupanda mteremko kimshazari, halafu hatua za mwisho naizungusha pua kuelekea joshi na kuiacha idondoke kutoka kimo cha goti.

Na kandokando ya ukingo?

Ruka sambamba na ukingo, kwa usawa wa macho au chini kidogo, pua ukiwa umeielekeza nje kidogo ili upepo usiisukume ndani. Fungua breki. Iache isogee demani polepole, mita moja, mbili, mpaka iingie kwenye ule ukanda wa kati ya ukingo na jiwe lako, pale ambapo hewa imeacha kupanda lakini haijaanza kuzunguka. Hapo itashuka yenyewe. Ukanda huo unaweza kuwa na upana wa mita nne tu, lakini urefu wake ni wa ukingo mzima, na urefu ndio unaouhitaji.

Angalia bawa la upande wa joshi. Upepo unapenda kulinyanyua dakika ya mwisho, kwa hiyo lishike chini kidogo kwa eleroni, vile vibao vya karibu na ncha za bawa vinavyoilaza ndege.

Kuning'inia je?

Upepo ukiwa na kasi sawa na ndege, ndege inasimama angani ukiitazama. Isogeze nyuma kidogo kidogo mpaka iwe juu ya ule ukanda, fungua breki kwa vipimo, nayo itashuka kama ngazi. Ni nzuri kuitazama. Lakini karibu na ardhi upepo unapungua kwa sababu ya msuguano wa nyasi na mawe: juu ya kichwa chako unaweza kuwa mita 11, magotini mita 6. Ndege inayoshuka ikiwa imesimama inapoteza mwendo wa bawa bila wewe kugusa kitu. Kwa hiyo mita mbili za mwisho shusha pua, iruhusu isogee mbele. Wengi wanafanya kinyume chake.

Breki ya kunguru ni nini, na niipangeje?

Ni flapu kushuka sana huku eleroni zikipanda kidogo, umbo linalofanana na la kunguru anapotua. Flapu zinaburuza hewa na eleroni zinapunguza ubebaji kwenye ncha, hivyo ndege inashuka kwa pembe kali bila kuongeza mwendo. Anza na flapu nyuzi 60 hadi 80 chini na eleroni nyuzi 15 hadi 20 juu. Usizidishe eleroni, maana bado unazihitaji kuilaza na kuiinua ndege.

Iweke kwenye stiki ya kushoto, ile ambayo ndege za injini huitumia kwa mafuta, ili breki ifunguke kwa kipimo badala ya kuwa wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ndege nyingi hunyanyua pua flapu zikishuka, kwa hiyo unganisha eleveta ishuke kidogo pamoja nazo. Jaribu ukiwa juu sana: fungua breki zote, uachie stiki, uone. Pua inatakiwa ielekee chini kidogo na ibaki hapo.

Sekunde ya mwisho, kabla tumbo halijagusa, rudisha flapu. Flapu iliyoshuka ikigonga jiwe inang'oa meno ya gia za sevo, yaani mota ndogo zinazosogeza vibao hivyo, na sevo nyembamba za bawa kuzipata Nairobi si kazi ya siku moja.

Glaida yangu ina sevo mbili tu. Nifanyeje?

Kama ina mkia, pangia eleroni zote mbili zipande pamoja kama nyuzi 20; itashuka vizuri zaidi, ingawa kugeuka kutakuwa kuzito. Kama ni bawa tupu lisilo na mkia, huna breki. Tumia mteremko, au punguza mwendo kwa kuja kwa mawimbi, kushoto na kulia, ukiwa bado joshi.

Kimo cha Ngong kinabadilisha chochote?

Kinabadilisha sana, na hili halisemwi vya kutosha. Kilele cha Lamwia kiko mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu robo. Bawa linahitaji kwenda kasi zaidi ili libebe uzito uleule: asilimia 13 hadi 17 zaidi, kutegemea joto la siku. Glaida inayotua mita 10 kwa sekunde ufukweni itatua mita 11 na nusu Ngong. Nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo pigo lile ni kubwa kwa karibu theluthi moja.

Basi ukisoma maelezo ya mtu wa Wales au wa pwani ya Denmark anayesema uwanja wa mita 20 unamtosha, ongeza. Na ukinunua glaida ya kutumia huku, chagua nyepesi kuliko anavyopendekeza muuzaji. Iten, juu ya Bonde la Kerio, nayo iko kimo cha karibu mita 2,400, kwa hiyo ni vilevile.

Nitue nikiwa na farumi ndani?

Farumi, ule uzito wa kuongeza wa risasi au shaba, inafaa upepo ukiwa mkali, maana ndege nzito hupenya. Ila uzito ukizidi kwa asilimia 30, mwendo wa chini kabisa unazidi kwa asilimia 14. Washindani wa F3F, wanaokimbiza glaida vipande 10 vya mita 100, hupakia sana, lakini kanuni zao zinaikomesha ndege kwenye kilo 5, na wengi wao wana breki kali na mikono iliyozoea. Ushauri wangu: kama uwanja wako ni finyu, pakia nusu ya unachotamani.

Naweza kuidaka kwa mkono?

Ya sponji iliyo chini ya nusu kilo, ikiwa inaning'inia mbele yako, ndiyo, ukisimama ubavu na uso ukiwa mbali na njia yake. Ya kaboni, hapana. Pua yake ni ngumu kama nyundo na nyuma ya bawa ni makali. Ndege inatengenezwa, jicho halitengenezwi.

Nighairi lini?

Amua kabla. Chagua alama, kichaka au jiwe, na ujiambie: nikifika hapa bila kuwa sawa, naondoka. Kughairi kwetu ni kufunga breki, kushusha pua na kugeukia joshi kuvuka ukingo ili kuirudia hewa inayopanda. Kunawezekana tu ukiwa bado upande wa joshi au juu ya ukingo kwa kimo cha kutosha. Ukishapita demani chini ya mita 10, hakuna kughairi; hapo unanyoosha mabawa na kutua ulipo, hata kama ni vichakani.

Ndipo nilipokosea mimi. Ilikuwa Agosti, mawingu yamekaa chini, kusi inavuma bila kupumzika. Nilikuwa na glaida ya faiba ya mita mbili niliyoijenga kwa miezi minne. Nilipita nyuma ya ukingo, nikaona nimekuja juu mno, nikaamua kuzunguka tena demani. Ndege ikazama kama imekatwa kamba. Nilivuta, nikashusha pua, nikavuta tena, yote kwa sekunde mbili labda. Sauti niliyoisikia ilikuwa ndogo, kama mtu aliyevunja kuni. Bawa lilikuwa limepasuka toka mzizi mpaka katikati. Ningeshuka palepale mara ya kwanza, hata kwa kuburuza, ningekuwa na mikwaruzo tu.

Upepo ukifa nikiwa hewani?

Usisubiri. Kila dakika unayongoja unapoteza kimo. Njoo mara moja ukiwa bado juu ya ukingo, na hapo njia ya kwanza ni salama kwa sababu kisulisuli nacho kimekufa. Ukishakuwa chini ya ukingo, acha kuhangaika kupanda. Peleka ndege mahali pa akiba pale chini ukiwa bado unaiona, uitue kwa utulivu, kisha utembee.

Majabali na kuta za mabonde je?

Ukuta wa Elgeyo pale Iten unaelekea mashariki, na Bonde la Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini. Mchana hewa ya moto inapanda kwa nguvu na kwa vipindi, kwa hiyo utulivu wa dakika moja si ahadi ya dakika inayofuata. Asubuhi na jioni ni rahisi zaidi. Pana watu wa paraglaida pia. Mtu aliyening'inia kwenye kitambaa ana haki ya anga kuliko kifaa chochote, kwa hiyo wakipita karibu, tua au kaa chini yao na mbali.

Majabali ya bahari yana tabia nyingine. Torrey Pines kule San Diego, Marekani, ni ukuta wa karibu mita 100 juu ya Pasifiki, na upepo wa bahari unakuja laini, haujaguswa na mti wala nyumba. Tofauti na Ngong ni kwamba ukishindwa mbele, chini ni ufukwe na maji. Pwani yetu haina kuta za namna hiyo, ingawa matuta ya mchanga ya Mambrui yanatosha bawa dogo la sponji, na mchanga husamehe mengi.

Nitue kwenye vichaka kwa makusudi?

Wakati mwingine ndiyo. Kichaka laini cha kimo cha goti kinaipokea ndege vizuri kuliko nyasi fupi zenye mawe. Fika na mwendo mdogo wa salama, mabawa sawa, uiache izame. Epuka migunga, miiba yake inatoboa sponji na kuchana faiba, na kuitoa ndege ni kazi ya saa nzima.

Kiangazi, nyasi zikiwa kavu, kumbuka betri. Betri ya lithiamu polima iliyopondwa inaweza kuwaka dakika kadhaa baadaye. Ikimbilie ndege, itoe betri, ikae juu ya jiwe. Ngong ni msitu wa hifadhi, na watu wanachunga ng'ombe wao pale. Mimi nimehamia betri za nikeli (NiMH) kwa sababu hiyo tu.

Wapandaji mlima na mifugo wanapita. Nifanye nini?

Subiri. Ndege inaweza kuzunguka dakika kumi zaidi. Ndiyo sababu unaanza kutua betri ikiwa bado na theluthi. Jumamosi njia ya juu Ngong imejaa watu wanaopiga picha, na hawajui kitu kimya kinachokuja nyuma yao. Piga kelele, "Natua!", na uwe na mwenzako wa kuangalia upande ambao huutazami. Usipite juu ya watu kamwe. Ng'ombe nao hushtuka, na kundi likitawanyika ukingoni ni hasara ya mtu.

Nahitaji ruhusa?

Ngong unaingilia lango la KFS, shirika la misitu la Kenya, na kulipa kiingilio, na ni vizuri kuwaambia askari wa msitu unachokuja kufanya. Mambo ya anga yako chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Wasiliana nao kabla hujaagiza au kurusha chochote. Ndege ndogo za uwanja wa Wilson, Nairobi, hupita juu ya milima ile, kwa hiyo kaa karibu na mteremko. Kaa mbali pia na mitambo ya upepo ya kampuni ya umeme ya KenGen upande wa kaskazini: mapanga yake yanavuruga hewa mbali sana kwa nyuma.

Nijizoeze na ndege gani?

Bawa la EPP, la mtumba kama lipo. Tua mara ishirini kwa siku badala ya kuruka saa mbili na kutua mara moja. Weka shuka ardhini, uilenge. Ukianza kuifikia mara saba katika kumi, upepo ukiwa umebadilika mara mbili tatu, leta ile ya faiba.

Imeangukia demani na siioni. Nianzie wapi?

Usisogee. Ukiwa umesimama palepale ulipoiona mara ya mwisho, chagua kitu cha mbali kilicho kwenye mstari huo, mti au paa la bati, na ukipige picha kwa simu. Mwachie rimoti mwenzako abaki hapo akuelekeze kwa mkono, na aendelee kuchezesha stiki: sevo zinalia, na kukiwa kimya utazisikia kutoka mita kumi au zaidi. Nenda moja kwa moja kwenye mstari, usizunguke, kwa kuwa ndege karibu siku zote iko mbali kuliko unavyodhani.

Na waulize wachungaji. Salimu kwanza, uulize habari za mifugo, kisha ueleze. Mara ya mwisho nilitafuta mpaka saa kumi na moja jioni, nikakutana na kijana na mbuzi zake, akaniambia, "Mzee, ile nyeupe? Iko kwa ule mti wa tatu, si huo, ule mwingine. Nimeiwekea jiwe upepo usiibebe." Tulishuka pamoja. Alikuwa ameilaza kwenye nyasi, pua ikielekea upepo unakotoka.